Bukavu: Rangi ya saloni na ukuta ambao ulikuwa haujakauka

BUKAVU – Kadutu ni kata ya nyumba zilizopandana. Mlango wa jirani wa juu unatazama mabati ya jirani wa chini, na mtu akimwaga maji ya kuoshea vyombo asubuhi, kuna mwenzake mahali fulani atakayeyakuta. Katika mtaa mmoja wa kata hiyo anaishi mama muuza sambaza, mwenye watoto watano, ambaye mume wake yuko Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu na hurudi nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka. Mwezi wa nne, kikundi chake cha AVEC kilifungua sanduku na kugawa akiba. Fungu lake lilikuwa dola 180. Wakati huohuo ikaja habari kwamba familia ya kijana anayemtaka binti yake mkubwa itafika kujitambulisha Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano.

Wageni wa namna hiyo hawapokelewi katika saloni ya simenti tupu. Hivyo ndivyo majirani walivyosema, ndivyo mama mwenyewe alivyofikiri, na ndivyo mume wake alivyoandika kwenye WhatsApp kutoka Kamituga, akiambatanisha picha. Ilikuwa picha ya saloni ya rafiki yake: kuta za rangi ya chokoleti kutoka chini hadi kiunoni, juu rangi ya maziwa, na yote yaking'aa kama gari lililotoka kuoshwa. Chini ya picha aliandika maneno matatu tu: «Fanya kama hii.»

Anayeijua Bukavu anaujua mtindo huo. Rangi ya mafuta huwekwa sehemu ya chini ya ukuta, nzito na yenye kung'aa, kwa sababu huko ndiko mikono ya watoto, migongo ya viti na matope ya viatu hufika. Juu huwekwa rangi ya maji, nyepesi na isiyong'aa. Mashule yamepakwa hivyo, vituo vya afya vimepakwa hivyo, na ofisi za serikali pia. Si ujinga, kwani rangi ya mafuta husuguliwa kwa kitambaa na sabuni na ikabaki, hali rangi ya maji ya bei ya chini ukiisugua inakuja na kitambaa. Tena kung'aa kwenyewe ni heshima. Ukuta unaong'aa unamwambia mgeni kwamba hapa hakuna njaa, hata kama ipo.

Tatizo la nyumba hii lilikuwa nyuma. Kama nyumba nyingi za Kadutu, ilijengwa kwa kuchimba mlima: mbele iko wazi, nyuma imeegemea udongo. Ukuta wa nyuma wa saloni una udongo mgongoni mwake hadi karibu na dirisha, na mvua ya Bukavu huanza mwezi wa tisa na kwenda hadi wa tano. Plasta ya zamani ilikuwa imepasuka na kuanguka vipande vipande, basi mwishoni mwa mwezi wa tatu mama alimwita mwashi akapiga plasta mpya ya simenti. Ilitoka nzuri, laini, ya kijivu. Kwa macho ilionekana kavu kabisa.

Fundi wa rangi alikuja Jumanne moja jioni ili ahesabu makopo. Ni mtu wa umri wa kati, ambaye ameanza kupaka tangu akiwa mtoto wa kubeba ngazi. Hakutoa futi wala kalamu. Alikwenda kwenye ukuta wa nyuma, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya plasta, kama vile mama anavyompima mtoto homa. Akauacha hapo kwa muda. Halafu akasema:

«Mama, ukuta hii ingali mubichi. Nikiweka rangi ya mafuta leo, bageni batakuta ishaanguka.»

Mama alijibu kwamba wiki tatu zimepita, na kwamba hata akisugua kwa kidole hakuna maji. Fundi hakubishana. Aliomba kipande cha plastiki, ile angavu ya kufunikia meza, akakata kipande cha upana wa mikono miwili, akakibandika ukutani na kufunga kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Akafanya vilevile kwenye ukuta wa mbele. Akasema atarudi kesho jioni, na akaenda zake bila kuomba hata pesa ya usafiri.

Siku iliyofuata plastiki ya mbele ilikuwa safi. Ile ya nyuma ilikuwa na ukungu upande wa ndani, na matone yalikuwa yameteremka na kujikusanya chini, kama jasho. Maji yale hayakutoka hewani, maana plastiki ilikuwa imefungwa pande zote. Yalitoka ndani ya ukuta. Kila anayejenga mlimani angeweza kufanya jaribio hilo kabla ya kufungua kopo lolote. Gharama yake ni kipande cha plastiki na usiku mmoja. Cha ajabu ni kwamba karibu hakuna anayelifanya.

Fundi alieleza sababu mbili, na zote mbili zinafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa mamia ya dola hupotea kila mwaka mijini kwetu kwa kutozijua.

Ya kwanza ni simenti yenyewe. Plasta mpya ina ukali, ukali uleule unaounguza mikono ya mwashi asiyevaa glavu. Ukali huo hupungua kadiri ukuta unavyokauka, na mafundi wazuri huhesabu siku 28 au mwezi mzima kabla ya kupaka, tena hiyo ni kwa ukuta unaopata hewa. Rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo ikiwa kuna unyevu, inatokea jambo ambalo kila mama anayepika sabuni nyumbani angelitambua mara moja: mafuta pamoja na kitu kikali hugeuka sabuni. Rangi inalainika, inanata, inabadilika madoa madoa, kisha inaachana na ukuta. Mtu husema ameuziwa rangi mbovu. Pengine rangi ilikuwa nzuri tu, ila amepika sabuni ukutani.

Sababu ya pili ni maji ya mlima, na hayo hayana siku 28. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa kama ngozi isiyo na vitundu. Maji yanayotoka kwenye udongo yanaingia ukutani kwa nyuma, yanatafuta njia ya kutokea saloni, yanakuta ngozi imefunga. Yanasukuma. Ndipo ngozi inafanya malengelenge, mtoto anayapasua kwa kidole, na chini yake inaonekana unga mweupe, yaani chumvi ambazo maji yamezibeba kutoka ndani ya matofali. Rangi nzito ya chokoleti ndiyo mbaya kuliko zote kwa hilo, si kwa sababu inaharibika upesi zaidi bali kwa sababu unga mweupe juu ya chokoleti unaonekana kutoka barabarani.

Usiku ule mama alimpigia mume wake. Mtandao wa Kamituga ulikuwa unakatika. Mume alisikia neno «haiwezekani» na neno «chokaa», ambalo mama alikuwa amelitaja kama wazo tu, na akakasirika. Alisema chokaa ni ya choo na ya miti ya kando ya barabara. Alisema baba wa kijana ni mtu wa ofisi, na hatakaa aruhusu binti yake aombwe ndani ya nyumba iliyopakwa kama ukuta wa makaburi. Alisema pia, na hili lilimuumiza mama zaidi ya mengine, kwamba yeye anashinda ndani ya shimo ili nyumba yake ionekane. Mama hakujibu. Simu ilikatika yenyewe, au mmoja wao aliikata.

Ni rahisi kumcheka mwanaume wa picha ya WhatsApp. Lakini mtu anayekaa miezi minne chini ya ardhi, akila na kulala mahali ambapo hakuna ukuta wowote wenye rangi, ana haki ya kuiota saloni yake. Kosa lake lilikuwa moja: aliota ukuta wa mtu mwingine. Nyumba ya rafiki yake iko uwanjani, pande zote nne hewa inapita.

Kabla ya saloni, mama alikuwa na jambo la chumba cha nyuma. Huko analala binti wa pili, ambaye mwaka huu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa sita na mtihani wa Exetat ulikuwa mbele yake. Chumba kina dirisha dogo moja, linalotazama ukuta wa jirani. Kilikuwa kimepakwa na mwenye nyumba wa zamani rangi ya kahawia ya mafuta, yote, hadi karibu na plafo. Umeme katika mtaa huu huja unapotaka, pengine saa sita ya usiku, pengine siku tatu hauji. Msichana alisomea taa ya sola, moja tu, ambayo aliining'iniza kwenye msumari. Alilalamika kuhusu macho. Mama alidhani ni taa, akaazima ya pili kwa jirani. Haikusaidia sana.

Fundi alicheka alipoingia humo. Ukuta mweupe usiong'aa hurudisha karibu sehemu nane kwa kumi za mwanga unaoupiga. Kahawia nzito hurudisha sehemu moja kwa kumi, na mara nyingi pungufu. Kwa hiyo msichana alikuwa anawasha taa na kuta zinaimeza. Zaidi ya hayo, kwa kuwa rangi ilikuwa ya kung'aa, kile kidogo kilichorudi kilirudi kama kioo: nukta moja kali ukutani, mbele ya macho yake, na daftari likabaki gizani. Katika nyumba ya mji wenye umeme usiokatika, rangi ya chumba ni jambo la kupendeza au kutopendeza. Katika nyumba ya Kadutu ni taa ya pili, tena haihitaji betri. Hata plafo inahesabiwa: ikiwa nyeupe, mwanga wa taa iliyowekwa chini hupanda na kushuka tena juu ya meza.

Hapo mama aliamua bila kumwuliza mtu. Dola za kwanza zitakwenda kwenye chumba cha mwanafunzi. Kitapakwa nyeupe, kwa rangi ya maji isiyong'aa, kuta na plafo.

Lakini kahawia ya zamani haikuweza kufunikwa hivihivi. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta yanayong'aa. Inateleza, na ikikauka unaiondoa kwa ukucha. Lazima mng'ao uvunjwe kwa msasa. Mtoto wa kaka yake, kijana mwenye nguvu, alikuja na msasa mkavu tayari kuanza, na wadogo wawili wakajipanga mlangoni kutazama vumbi. Fundi alimzuia. Rangi za mafuta za zamani, na hata baadhi ya mpya, zimechanganywa na risasi, ile madini ambayo kwenye makopo ya Kifaransa imeandikwa plomb. Hatari kubwa iko kwenye rangi kali, yaani njano, nyekundu na ya machungwa, lakini hakuna ajuaye kilichomo ndani ya kopo la miaka ishirini iliyopita. Vumbi lake linakaa sakafuni, mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kwa mtoto inaharibu akili zinazokua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba, namba 13, wa kuzuia unga mweupe wa risasi katika kupaka ndani ya majengo, kwa ajili ya kuwalinda mafundi wenyewe. Leo kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika milioni. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa, na bado dukani mnunuzi anauliza bei na rangi tu. Wachache wanageuza kopo kusoma kama imeandikwa «sans plomb». Kama haikuandikwa, bora kutafuta jingine, hasa kwa chumba cha watoto.

Basi msasa ulitumika na maji. Wadogo walipelekwa kwa nyanya yao. Kijana alilowesha ukuta kwa sponji, akasugua polepole, akafuta kwa kitambaa, na uchafu wote ukakusanywa ndani ya bido lililokatwa na kutupwa mbali na kisima. Ilichukua siku mbili badala ya nusu siku. Mama alinung'unika kuhusu chakula cha kijana kwa siku mbili.

Rangi nyeupe nayo si moja. Dukani, katika barabara ya kuelekea Nyawera, muuzaji alimwonyesha mama kadi yenye vipande vidogo vya rangi: nyeupe ya theluji, nyeupe ya yai, nyeupe ya pembe ya tembo. Chini ya taa ya duka zote zilikuwa nzuri. Mama ni mfanyabiashara, anajua kwamba sambaza wa asubuhi na sambaza wa jioni hawafanani hata wakiwa katika beseni moja. Alinunua kopo dogo kuliko yote la nyeupe ya theluji, akapaka kipande ukutani, cha ukubwa wa mlango wa kabati, akangoja usiku. Taa za sola hutoa mwanga mweupe wenye ubluu. Theluji chini yake iligeuka kuwa ya baridi, kama chumba cha wagonjwa. Akarudi siku ya pili kununua ile ya yai, ambayo ina njano kidogo sana ndani yake, na usiku ikatulia. Kwenye kadi tofauti hiyo haionekani. Muuzaji alimwambia kwamba hakuna mteja mwingine anayemsumbua hivi. Mama alimjibu kwamba wateja wake yeye humsumbua zaidi kwa franga mia mbili.

Chumba kilimalizika siku nne baadaye, tabaka mbili. Mbabula ilipikiwa nje wiki nzima, kwa amri ya fundi, kwa sababu ndani kulikuwa pia na kopo la rangi ya mafuta na bido la dawa ya kuyeyushia, ambayo mvuke wake unashika moto kama petroli. Katika kata ambapo nyumba moja ikiungua hazibaki kumi, amri hiyo haikuhitaji maelezo.

Ilibaki saloni na wiki tatu.

Mama mkwe, mama wa mume wake, alikuwa ameyasikia yote kupitia ukuta na kupitia wajukuu. Ni mtu wa Kabare, na nyumba aliyozaliwa ndani yake ilipakwa chokaa kila mwaka kabla ya Noeli. Alikuja akaketi saloni, akautazama ukuta wa nyuma na kusema kwa Mashi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili fundi naye asikie, kwamba ukuta unaokunywa maji upewe nguo ya pamba, usipewe koti la mpira.

Hakuna aliyeweza kulisema vizuri zaidi. Chokaa haina ngozi. Maji yakija yanapita na kwenda, na ukuta unapumua. Unyevu kidogo haumsumbui mpakaji wa chokaa hata kidogo. Kwa kweli ukuta hulowanishwa kwanza, kwa maana chokaa hukomaa polepole kwa kula hewa mbaya tunayoipumua na kurudi kuwa jiwe, na ikikauka upesi mno inabaki unga. Ukali wake unazuia pia ule ukungu mweusi unaoota nyuma ya makabati na kuwakohoza watoto. Na bei yake! Gunia moja la chokaa lilifunika saloni nzima kwa pesa ambazo zisingetosha makopo mawili ya chokoleti.

Ina ubaya wake, na mama mkwe hakuuficha. Inaacha unga kwenye nguo. Haisuguliwi kwa sabuni. Ikiingia jichoni inaunguza, hivyo anayeichanganya asiinamie ndoo. Inadanganya pia macho: ikiwa mbichi ukutani ni kama maji machafu tu, mtu anadhani haijashika, anaongeza nzito, na ile nzito inapasuka na kubanduka. Lazima iwe nyepesi kama maziwa, tabaka tatu, na kila tabaka ingoje siku moja. Mama mkwe alitia chumvi kiganja kimoja katika kila ndoo, kama mama yake alivyofanya. Fundi, ambaye hajapaka chokaa ndani ya nyumba ya mtu kwa miaka mingi, alishika brashi kubwa na kufuata maagizo ya bibi kizee bila neno. Kwa kazi hiyo alipata pesa pungufu kuliko angepata kwa ile ya mafuta. Alilijua hilo tangu Jumanne ya kwanza.

Rangi ya mafuta ya chokoleti ilinunuliwa hata hivyo, kopo moja. Ilipakwa kwenye mlango wa mbele, fremu za madirisha na ubao wa chini wa kabati. Mbao kavu ndiyo mahali pake: inashikwa kila siku, inahitaji kufutwa, haina mlima mgongoni. Mama alipiga picha ya mlango kwa karibu sana, ukijaza simu nzima, akaituma Kamituga. Jibu lilichelewa hadi usiku. Lilikuwa kidole gumba kimoja.

Wageni walikuja watu tisa, saa nane badala ya saa sita, na mvua. Saloni ilikuwa nyeupe kuliko ilivyowahi kuwa. Ingawa mawingu yalikuwa meusi na umeme haukuwepo, walionana nyuso bila kuwasha taa. Mama alikuwa ametundika vitenge viwili kwenye ukuta wa nyuma, kimoja kila upande, na viti vilisogezwa mbele kiasi cha mkono. Hata hivyo baba wa kijana, mtu mrefu mwenye suti nyeusi, alisimama kutoa salamu, akarudi nyuma hatua moja ili apate nafasi, na akauegemea ukuta kati ya kitenge na kitenge.

Aliposogea mbele alikuwa na mgongo mweupe. Binti mkubwa alitazama chini. Mama alisimama, akasema, «Papa, samahani, ngoja nikupanguse,» na kuanza kumpangusa kwa mkono wake mwenyewe. Mzee alivua koti, akaligeuza, akalitazama. Kisha akauliza kama ni chokaa ya kweli au rangi ya maji ya bei nafuu. Alipoambiwa ni chokaa, na kwa nini, alikwenda akainua kitenge na kuweka kiganja ukutani, mbele ya watu wote. Nyumbani kwake Panzi, alisema, ukuta wa nyuma umemla makopo sita ya rangi ya mafuta kwa miaka mitatu, na kila Pasaka unavuliwa kama ndizi. Mazungumzo ya mahari yalichelewa kwa dakika ishirini hivi, maana alitaka kujua habari za chumvi.

Binti wa pili alifanya mtihani wake. Matokeo ni ya kwake na hayana nafasi hapa. Kinachojulikana ni kwamba ile taa ya kuazima ilirudishwa kwa jirani wiki ileile chumba kilipomalizika.

Mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekolea na vumbi limeanza, mume alirudi. Aliutazama mlango kwanza, akapitisha kidole kwenye mng'ao. Ndani hakusema kitu. Usiku alikata mwenyewe kipande cha plastiki, akakibandika kwenye ukuta wa nyuma kwa utepe, kimoja juu, kingine chini karibu na sakafu. Asubuhi cha juu kilikuwa kikavu. Cha chini kilikuwa na matone, machache, lakini yalikuwepo, miezi miwili baada ya mvua ya mwisho. Alikaa akiyatazama akiwa bado hajanywa chai. Kisha akachukua jembe na chepe, akazunguka nyuma ya nyumba, na kwa siku sita yeye na vijana wawili wakachimba mfereji kati ya mlima na ukuta, wakaujaza mawe na kuupa mteremko hadi barabarani. Mtu wa machimbo hahitaji kufundishwa jinsi ya kutoa maji shimoni.

Pesa iliyobaki ilitosha kopo moja la rangi ya maji, ile ya maziwa, isiyong'aa. Waliipaka kwenye nusu ya juu ya saloni. Nusu ya chini imebaki chokaa, na itapigwa tena tabaka moja kabla ya Noeli. Ni kinyume cha mtindo wa mji mzima, na majirani wanapoingia huuliza kama fundi alikuwa amelewa. Mama huwaonyesha plastiki, ambayo ameiacha palepale chini ya dirisha. Mara ya mwisho ilikuwa na matone matatu.